Vihisi vya magari: jinsi sheria na ushindani wa bei vilivyobadilisha usalama barabarani

Na Mwandishi Wetu

GARI linapogonga kizuizi kwa kasi, mfuko wa hewa uliofichwa kwenye usukani hujaa kabla kichwa cha dereva hakijaufikia. Kazi hiyo, kuanzia kutambua mgongano hadi mfuko kujaa, hukamilika katika muda usiozidi sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hakuna binadamu awezaye kufanya uamuzi kwa kasi hiyo. Uamuzi hufanywa na kompyuta ndogo ya gari, nayo hutegemea taarifa za kifaa kidogo kiitwacho kihisi.

Kihisi ni kifaa kinachopokea hali fulani ya kimaumbile, kama vile joto, shinikizo, mwendo, mwanga au kiasi cha oksijeni, na kuigeuza kuwa ishara ya umeme ambayo kompyuta ya gari inaweza kuisoma. Katika gereji za hapa nchini mafundi hukiita sensa. Gari la kisasa huwa na makumi ya vifaa vya aina hiyo. Vipo vinavyochunguza hali ya injini, vinavyofuatilia mwenendo wa magurudumu na vinavyoangalia barabara iliyo mbele.

Makala haya yanaeleza jinsi soko la vihisi lilivyokua kwa zaidi ya miaka 40, kwa nini mshindi katika soko hilo huamuliwa na sheria na bei kuliko na uwezo wa kifaa peke yake, na kwa nini suala hilo linamhusu Mtanzania anayenunua gari lililokwisha kutumika nje ya nchi.

Sheria yafungua soko

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi, iliyowataka watengenezaji wa magari kupunguza kwa kiwango kikubwa gesi chafu zitokazo kwenye bomba la moshi. Njia iliyoonekana kufaa ilikuwa kufunga kwenye bomba hilo kifaa chenye vitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani kama platini, ambacho hugeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zenye madhara madogo. Mafundi wetu hukiita masega, kwa kuwa umbo lake la ndani linafanana na sega la nyuki.

Hata hivyo, masega hayo husafisha aina zote tatu kuu za gesi hizo pale tu injini inapopata hewa na petroli kwa uwiano maalumu, yaani takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kabureta za wakati huo hazikuweza kudumisha kipimo hicho kwa usahihi, kwa kuwa hazikuwa na namna ya kujua kilichokuwa kikitoka kwenye bomba la moshi.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitatua tatizo hilo kwa kihisi cha oksijeni kilichotengenezwa kwa kauri ya zirkonia. Kihisi hicho hukaa ndani ya bomba la moshi, hulinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na ile iliyo katika hewa ya nje, kisha hutoa umeme mdogo unaoielekeza kompyuta kuongeza au kupunguza petroli. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ya Sweden ilianza kukitumia kwenye magari iliyoyauza Marekani. Baadaye kampuni nyingine, zikiwamo za Japani kama Denso, ziliingia katika biashara hiyo, na leo ni vigumu kukuta gari jipya la petroli lisilo na kihisi cha oksijeni.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mnunuzi wa gari hakuwahi kuomba kihisi hicho. Faida yake kubwa ilikuwa kwa mtu mwingine, yule anayevuta hewa ya mjini. Soko liliundwa na sheria, kisha ushindani ukashusha bei.

Matokeo ya sheria hiyo yalivuka mipaka ya Marekani. Risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli huharibu masega na kihisi cha oksijeni, hivyo teknolojia hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuiondoa, sambamba na madhara ya risasi kwa afya ya watoto. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi ifikapo mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kusitisha mauzo yake kwa ajili ya magari, mwaka 2021.

Kutoka kigololi hadi silikoni

Vihisi vya mwanzo vya mifuko ya hewa vilikuwa vya kimakanika. Katika aina moja iliyotumika sana, kigololi cha chuma kilishikiliwa na sumaku ndani ya mrija. Gari lilipogonga kwa nguvu, kigololi kilibanduka kwenye sumaku na kuunganisha nyaya mbili, umeme ukapita na mfuko ukajaa. Gari moja lilihitaji vihisi kadhaa vya namna hiyo pamoja na nyaya zake, jambo lililoongeza gharama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Analog Devices ya Marekani ilileta sokoni kihisi kilichochongwa ndani ya kipande cha silikoni, kwa mbinu zinazotumika kutengeneza chipu za kompyuta. Ndani yake mna sehemu ndogo mno zinazoning'inia, ambazo husogea gari linapopungua mwendo ghafla, na msogeo huo hupimwa kwa umeme. Kwa kuwa sahani moja ya silikoni hutoa vipande vingi kwa wakati mmoja, bei ya kila kimoja hushuka kadiri wateja wanavyoongezeka. Kuanzia hapo, ushindani ukawa wa kuzalisha kwa wingi, kwa gharama ndogo na kwa kasoro chache.

Tukio lililodhihirisha hali hiyo lilitokea Sweden mwezi Oktoba 1997. Waandishi wa jarida la magari la Teknikens Värld walilifanyia majaribio gari dogo jipya la Mercedes-Benz, A-Class, kwa kulikwepesha ghafla kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani. Gari hilo lilipinduka. Kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kuwakabidhi wateja magari hayo, ikayarekebisha na kuyafungia yote mfumo wa kuzuia gari kuserereka, ambao miaka miwili kabla ulikuwa umeanza kutumika kwenye magari yake makubwa ya kifahari.

Mfumo huo hutegemea kihisi kinachopima jinsi gari linavyozunguka kuhusiana na mahali dereva alikoelekeza usukani. Hitilafu ikionekana, kompyuta hukamata breki ya gurudumu moja ili kulirudisha gari kwenye mstari wake. Uamuzi wa kuufunga kwenye gari dogo la familia uliongeza ghafla mahitaji ya vihisi hivyo, na vile vya silikoni vikachukua nafasi ya vile vya awali vilivyokuwa vikubwa na ghali. Hatimaye sheria ilifuata. Marekani iliulazimisha mfumo huo kwa magari madogo yote mapya kuanzia toleo la mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia mwaka 2014.

Njia mbili za kupima upepo wa tairi

Ushindani katika soko hili hauhusu kampuni pekee, kwani hata njia za kufanya kazi moja hushindana. Mwaka 2000, kufuatia ajali nyingi za Marekani zilizohusishwa na kupasuka kwa matairi ya Firestone, hususan kwenye magari ya Ford Explorer, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyozaa sharti la gari kumwonya dereva upepo wa tairi unapopungua.

Njia ya kwanza ni kuweka kihisi cha shinikizo chenye betri na redio ndogo ndani ya kila gurudumu. Njia ya pili haihitaji kifaa kipya, kwa sababu hutumia vihisi vya mwendo wa magurudumu vilivyokwisha kuwapo kwa ajili ya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko mengine kwa umbali uleule, na programu ya kompyuta huweza kuitambua tofauti hiyo. Njia ya kwanza ni sahihi zaidi. Ya pili ni rahisi zaidi, ila hupata shida matairi yote manne yanapopungua upepo kwa pamoja.

Mwaka 2003 mahakama nchini Marekani ilitengua kanuni iliyoruhusu mfumo usioweza kutambua hali hiyo. Kanuni mpya iliyotolewa mwaka 2005 iliwapa nguvu sokoni watengenezaji wa vihisi vya ndani ya gurudumu. Ulaya, kwa upande wake, iliacha nafasi kwa njia zote mbili. Maneno ya kanuni yalitosha kuamua bidhaa ipi iuzwe kwa mamilioni upande mmoja wa bahari na ipi ikabiliwe na mshindani upande wa pili.

Kamera, rada na leza

Vihisi vilivyotajwa hadi sasa huchunguza hali ya gari lenyewe. Ushindani mkali zaidi wa sasa unahusu vile vinavyotazama nje ya gari, navyo vipo vya aina tatu kuu.

Kamera ni ya bei nafuu na husoma rangi, alama za barabarani na mistari. Udhaifu wake ni giza, ukungu na jua linapoipiga usoni. Kampuni ya Mobileye, iliyoanzishwa Jerusalem mwaka 1999, ilijijengea soko kwa chipu na programu zinazoiwezesha kamera moja kutambua magari na watembea kwa miguu. Mwaka 2017 ilinunuliwa na kampuni ya Intel kwa takriban dola za Marekani bilioni 15.

Rada hutuma mawimbi ya redio na kupima yanaporudi. Hupenya mvua na vumbi, na hupima moja kwa moja kasi ya kitu kilicho mbele. Rada za awali za magari, mwishoni mwa miaka ya 1990, zilifungwa kwenye magari ya kifahari kwa ajili ya kudumisha umbali kati ya gari na gari. Zilipoanza kutengenezwa kwa chipu za silikoni, bei ilishuka na zikafika kwenye magari ya kawaida. Hata hivyo, rada ya kawaida haioni umbo la kitu kwa ufasaha.

Aina ya tatu ni laida, ambayo hupima umbali kwa mwanga wa leza. Mwanga unaopiga kitu kilicho umbali wa mita 150 hurudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa kupima muda huo mara nyingi mno, kifaa huchora picha ya mazingira yenye kina, hata usiku.

Laida ilipata umaarufu kupitia mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Katika mashindano ya kwanza, Machi 2004, hakuna gari lililomaliza safari kwenye jangwa la Mojave. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza, la Chuo Kikuu cha Stanford likiibuka mshindi. David Hall, aliyeshiriki mashindano hayo, alibuni laida ya kuzunguka yenye leza 64, ambayo kampuni yake ya Velodyne iliiuza kwa takriban dola 75,000. Bei hiyo ilizidi thamani ya magari mengi ya kawaida.

Mamilioni ya dola yalimiminwa kwenye kampuni changa zilizoahidi kuishusha. Nyingi hazikudumu. Mwaka 2022 kampuni ya Ibeo ya Ujerumani na ile ya Quanergy ya Marekani ziliingia katika taratibu za ufilisi. Mwaka 2023 Velodyne yenyewe iliungana na mshindani wake Ouster, na Bosch ikaacha kuendeleza laida yake. Magari yanayojiendesha yalichelewa kufika sokoni, na bila wateja wengi bei isingeweza kushuka.

Wateja hao walipatikana China. Watengenezaji wa magari ya umeme wa nchi hiyo, wakishindana vikali kuwavutia wanunuzi, walianza kuweka laida kwenye magari ya watu binafsi. Kampuni za Hesai ya Shanghai na RoboSense ya Shenzhen zilipata oda kubwa, zikabuni chipu zao na kupunguza idadi ya sehemu ndani ya kifaa. Mwezi Novemba 2024 Hesai ilitangaza kwamba laida yake mpya ya mwaka 2025 ingeuzwa kwa chini ya dola 200. Ushindani huo umegusa pia siasa. Mwaka 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiweka Hesai kwenye orodha ya kampuni inazozihusisha na jeshi la China, hatua ambayo kampuni hiyo iliipinga mahakamani.

Wakati huohuo, bado hakuna mwafaka kuhusu vihisi vinavyotosha. Kampuni ya Tesla ilianza kuondoa rada kwenye baadhi ya magari yake mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaanza kuondoa vihisi vya mawimbi ya sauti vinavyosaidia kuegesha, ikitegemea kamera na programu. Waymo, kampuni dada ya Google inayosafirisha abiria kwa magari yasiyo na dereva katika miji kama Phoenix na San Francisco, hutumia kamera, rada na laida kwa pamoja, kwa hoja kwamba udhaifu wa kimoja hufidiwa na kingine. Mvutano huu ni wa kitaalamu na pia wa kibiashara, kwa kuwa kila kifaa kinachoongezwa huongeza usalama wa ziada na gharama ya ziada.

Sheria nayo inaendelea kusukuma. Kuanzia Julai 2024 magari mapya yanayosajiliwa katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na vifaa kadhaa vya kumsaidia dereva, vikiwamo vya kumtahadharisha kuhusu kikomo cha mwendo, na magari madogo yanatakiwa kuweza kufunga breki yenyewe wakati wa dharura. Vyote hivyo haviwezekani bila vihisi.

Gari linapofika Tanzania

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia nchini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Hivyo, teknolojia inayoshindaniwa leo katika viwanda vya nje hufika kwenye barabara zetu miaka kadhaa baadaye, mikononi mwa mmiliki wa pili au wa tatu. Kampuni ya Subaru ilianza kuuza Japani mfumo wake wa EyeSight wenye kamera mbili mwaka 2008, na Toyota ilianzisha mfumo wake wa Safety Sense mwaka 2015. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoonekana sasa katika yadi za magari za Dar es Salaam, na pamoja nayo zimekuja changamoto tatu.

Ya kwanza ni ulinganishaji wa vipimo. Kamera nyingi za mbele hufungwa juu ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera inapaswa kupimwa upya kwa vifaa maalumu. Ikipinda kwa nyuzi moja tu, kitu kilicho mita 50 mbele huonekana kimehama kwa karibu sentimita 87, umbali unaotosha kuliweka gari la njia ya pili kwenye njia yako. Vivyo hivyo, bampa au nembo ya mbele inayoficha rada ikikarabatiwa kwa puti nene na rangi nzito, mawimbi hufifia.

Ya pili ni spea. Vihisi vya ndani ya magurudumu vina betri iliyofungiwa, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka saba na kumi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya au Marekani linaweza kufika hapa betri hizo zikiwa zinaelekea kwisha. Kampuni iliyofilisika katika ushindani nayo huweza kuacha magari barabarani bila spea halisi, na pengo hilo huwavutia wauzaji wa bidhaa bandia. Kihisi bandia cha breki kinaweza kufanana na halisi kwa umbo, tofauti ikaonekana siku breki inapohitajika zaidi.

Ya tatu ni ujuzi na taarifa. Marekani ilizitaka kampuni kuweka tundu la kupimia hitilafu la aina moja kwenye magari madogo yote kuanzia mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukazitaka kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo. Mwaka 2012 wapigakura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani waliunga mkono sheria yenye lengo hilohilo. Sababu ya hatua hizo ni kwamba ushindani haumaliziki kiwandani. Iwapo ni gereji ya mtengenezaji pekee inayoweza kusoma kihisi, mwenye gari hana pa kulinganisha bei, na mara nyingi ataamua kuzima taa ya onyo badala ya kutengeneza hitilafu.

Hapa nchini vipo vyombo vyenye wajibu katika maeneo hayo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hushughulikia viwango na ukaguzi wa ubora wa magari yaliyotumika, Tume ya Ushindani (FCC) hudhibiti bidhaa bandia, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha mafundi wa magari. Kadiri magari yenye kamera na rada yanavyoongezeka, ndivyo kupima vihisi hivyo kutakavyohitaji kuzingatiwa katika ukaguzi na mitaala kama yanavyozingatiwa matairi na breki.

Mnunuzi naye anayo nafasi ya kujilinda. Kabla ya kulipia gari, awashe swichi bila kuwasha injini na kutazama dashibodi. Taa za injini, ABS na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka, kisha za ABS na mifuko ya hewa zizimike baada ya muda mfupi, na ya injini izimike injini inapowaka. Taa isiyozimika inaonyesha hitilafu. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka zaidi, kwa kuwa huenda imekatwa ili hitilafu isionekane. Aidha, ni vyema gari lipimwe kwa kompyuta na fundi asiyehusika na muuzaji, aulizwe iwapo kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, na akague kama masega bado yapo kwenye bomba la moshi.

Kwa anayemiliki gari tayari, spea ya kihisi inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa kulinganisha namba ya kifaa kilichotolewa na ya kile kinachowekwa. Risiti hiyo ndiyo itakayomwezesha kudai haki yake endapo kifaa kitabainika kuwa bandia.